Sitakipa Kifurushi Hiki Alama ya Uimara

Pune, India
Jumapili, msimu wa mvua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulitufundisha kuulizana hali kwanza, na leo nakiuka mafundisho hayo kwa makusudi, kwa kuwa barua hii ina hoja na sitaki hoja hiyo ifichwe nyuma ya salamu. Hoja yangu ni hii: kitu hakiwi imara kwa sababu mwenye cheo ametamka kuwa ni imara, wala kwa sababu mwenye fedha ana haraka nacho. Kinakuwa imara baada ya kuwekwa mbele ya watu wote, kutumiwa na watu wasiojuana, kungojewa muda wake, na kutobaki hata lalamiko moja la haki ambalo halijajibiwa. Hayo ndiyo nitakayoyatetea humu mpaka mstari wa mwisho.

Sasa niulize hali. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje tangu baridi ya Juni? Mama kikohozi kimemwacha? Nasikia dawa ya salfa ya mwaka huu imekuja kwa magari ya watu binafsi, na kwamba mikorosho ya upande wa Bungu imeshika ukungu hata baada ya kupulizwa. Kama ni kweli, pole sana, nami nitakuwa na la kusema kuhusu salfa hiyo mbele kidogo.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Bado nakaa katika chumba kile cha juu ya duka la fundi cherehani. Mvua za huku hazina adabu; zinaingia dirishani zikiwa zimelala. Umeme unakatwa kwa zamu kama kwetu, isipokuwa huku wanaitangaza ratiba gazetini kisha hawaifuati. Chakula nimekizoea. Mke wa fundi huniletea mikate ya mtama na kachumbari ya vitunguu, na kila siku huniuliza kama ni kweli kwetu mto una viboko. Namwambia viboko ni wengi, na wana tabia nzuri kuliko madereva wa Pune. Hucheka mpaka anasahau sahani.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Ya dada Zuhura ilinifikia siku mbili baadaye, na yake ndiyo iliyonieleza yale ambayo wewe hukuyaandika. Nitayarudia kama alivyoyasimulia, ili kama kakosea, umsahihishe.

Anasema mlikuwa mmetoka msikitini Ijumaa, mmekaa kwenye kibaraza cha duka la Bwana Jayanti, kahawa inazunguka. Bwana Jayanti akatoka ndani na tasbihi yake ya mbao mkononi, akasema kwa upole ule wake: "Mzee Mkaguzi, kijana wako anamfungia njia mpwa wangu. Harshad kampa kazi kwa heshima yako, sasa kijana kaandika lalamiko, na kazi nzima imesimama."

Mtu mmoja, ambaye Zuhura hakumtaja kwa kuwa anaogopa ugomvi, akadakia: "Si nilisema? Yule tangu madrasa alikuwa akibishana na mwalimu mpaka mwalimu mwenyewe anasahau somo."

"Mpeni kesi ya pantoni na daraja," akasema mwingine. "Atabishana mpaka mto ukauke, na daraja lisihitajike tena."

Wakacheka. Nawe, Baba, hukucheka. Uliweka kikombe chini ukasema: "Mwanangu ataandika. Ataomba radhi, na lalamiko hilo ataliondoa. Ninayesema ni mimi."

Zuhura anasema watu waliitikia kama wanaoitikia dua.

Baba, umetoa hukumu bila kuisikiliza kesi, wewe ambaye kwa miaka yote niliyokujua ukiwa mkaguzi wa korosho kwenye ghala la ushirika hukupata kumhukumu mtu kabla ya gunia lake kufunguliwa. Basi niruhusu nilifungue la kwangu.

Kompyuta haifanyi kazi mpaka iwe na mfumo wa kuiendesha. Mifumo mingi huuzwa na makampuni makubwa ikiwa imefungwa: unaitumia, lakini huruhusiwi kuona ndani imeandikwaje. Huu wetu uitwao Linux maandishi yake yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake, na walioujenga ni watu wametapakaa duniani, wengi wao hawajapata kuonana. Juu ya mfumo huo huwekwa programu moja moja, kila moja ikiwa imefungwa pamoja na vifaa vyake vyote, nasi tunaiita kifurushi. Kila kifurushi kina mtunzaji wake, yaani mtu aliyekubali kuangalia kwamba kimefungwa sawasawa.

Kifurushi kipya hakipelekwi moja kwa moja kwa watu. Hukaa kwanza upande wa majaribio, ambako kila anayekichukua anajua kwamba anachukua kitu ambacho huenda kikamtia hasara. Hukaa huko si chini ya mwezi. Katika muda huo watu hukitumia kwa kazi zao halisi, na mwenye kuona kosa huliandika mahali pa wazi kwenye mtandao wa kompyuta, ambapo mimi na wewe na mpita njia yeyote tunaweza kulisoma. Mwezi ukipita bila kosa kubwa, mtunzaji huomba kiitwe imara. Hapo bado hakijaitwa. Kompyuta zina aina nyingi, kila aina na ubongo wake, na kila aina ina wajaribu wake. Mjaribu wa aina hii hawezi kuisemea aina ile. Kila mmoja hukijenga kifurushi upya kwenye mashine yake, hukitumia, kisha huandika jina lake: nimekiona, kwenye mashine za aina yangu kiko sawa. Ndipo alama huwekwa.

Miye ni mjaribu wa aina moja ya mashine kongwe ambazo viwandani hazitengenezwi tena. Chuo kilichonisomesha kina moja maabara, na ofisi ya Harshad ina nyingine, imewekwa stoo chini ya mapazia ya zamani. Waliobaki wanaoijaribu aina hii duniani ni wachache mno, na mmoja wao ana muda mrefu hajajibu barua ya mtu. Kwa hiyo mara nyingi nakuwa peke yangu.

Kifurushi kinachogombaniwa ni cha kutunza hesabu za akiba ya vitu. Harshad amepata mkataba na hospitali moja yenye tawi kubwa mjini na matawi madogo wilayani. Watahesabu dawa kwa kompyuta. Hospitali ikaweka sharti la maana: hatutaki programu ya majaribio, tunataka zile zenye alama ya uimara kwenye mashine zetu zote. Mjini wana mashine mpya. Wilayani wana zile kongwe, za aina yangu.

Nikakijaribu. Peke yake kwenye mashine yangu kilifanya kazi bila kasoro, na karibu niandike jina langu. Kisha nikawaza: tawi la wilayani halitakaa na hesabu zake lenyewe, litapokea za makao makuu. Nikachukua hesabu zilizoandikwa kwenye mashine mpya, nikazifungua kwenye ile kongwe. Makasha kumi na mawili ya dawa ya malaria yakasomeka elfu tatu na sabini na mawili.

Nikafuta, nikarudia. Yakawa yale yale.

Sababu yake utaielewa upesi. Kompyuta huandika namba kwa vipande. Mashine mpya za mjini huanza na kipande cha mwisho, aina yangu huanza na cha kwanza. Zote mbili ziko sawa, kama wewe unavyoandika barua kutoka kushoto na mwalimu wa madrasa anavyoandika kutoka kulia. Balaa huja pale mmoja anaposoma karatasi ya mwenzake bila kuambiwa aanzie upande gani. Aliyeiandika programu hii alisahau kuwaambia.

Sasa fikiri, Baba. Karani wa zahanati ya mbali anafungua kompyuta, anaona ana makasha elfu tatu ya dawa. Namba kama hiyo haimshtui mtu. Akiba inaweza kufika huko. Haagizi nyingine. Rafuni kuna makasha kumi na mawili, na msimu wa homa ndio unaanza. Sisi wa bondeni hatuhitaji kuelezwa msimu wa homa unafananaje.

Basi nikaandika lalamiko. Nikaeleza nilichofanya, hatua kwa hatua, nikaambatisha hesabu zenyewe, nikaweka jina langu kamili na la mji wangu. Kibiti imeandikwa humo, kwa herufi kubwa, isomwe na dunia.

Harshad akaniita. Nataka ujue kwamba si mtu mbaya. Aliniagizia chai, akafunga mlango mwenyewe.

"Idrisa, ndugu yangu," akasema, "hizo mashine zimebaki ngapi duniani?"

"Sijui. Najua kwamba mteja wako anazo kila tawi la wilayani."

"Zitabadilishwa."

"Lini?"

"Zitabadilishwa, Idrisa."

"Basi siku zikibadilishwa nami nitakuwa sina la kulalamikia."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema wenzangu wa aina nyingine zote za mashine wamekwisha kuandika majina yao, limebaki langu tu. Niweke alama leo, kosa litarekebishwa baadaye, mteja hatajua. Nikamwambia kwamba mteja ndiye aliyeomba alama ili ajue.

"Wewe ni mwajiriwa wangu au wa hao watu wako wa bure?"

"Saa za kazi ni zako," nikamjibu, "na sijakuibia hata moja. Jina linaloandikwa chini ya ile alama ni langu."

Akaniambia nisirudi ofisini mpaka niwe tayari kuliondoa lalamiko na kuomba radhi kwa maandishi, na kwamba ananingoja hadi mwisho wa mwezi. Jioni ile ile akampigia simu mjomba wake Kibiti. Hayo yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Umeniandikia kwamba nimejitia kimbelembele cha kupingana na watu wakubwa wa fani. Hilo nalo nakujibu kwa ukweli wake: sijaungwa mkono na mtu. Mahali pale pa wazi tunapojadiliana, maneno yalikuwa makali. Mmoja aliandika, "Mashine hiyo kaifugie kuku." Mwingine akasema, "Yaani mtu mmoja, kutoka mji ambao hatuuoni kwenye ramani, anatuchelewesha sote?" Mwingine akauliza kama nimeangalia vizuri au nilikuwa na njaa.

Mtunzaji wa kifurushi, ambaye hutia saini kwa herufi mbili tu nami sijui kama ni mwanamume au mwanamke wala anaishi nchi gani, ana sifa kubwa katika kazi hii. Angetaka, angelipuuza neno langu na watu wangemshangilia. Akaandika mistari miwili. "Mimi sina mashine hiyo na kosa hilo silioni. Ila mtu mmoja anatosha, mpaka tumjibu." Na alama haikuwekwa.

Baba, nilipoyasoma hayo nilisimama nikazunguka chumba. Nilisimama kwa sababu nilikwisha kuyasikia maneno hayo kabla, kwa Kiswahili, ghalani Kibiti.

Wakumbuka mwaka ule mkubwa mmoja wa kata alipoleta magunia yake akapita mbele ya foleni. Alitaka daraja la kwanza, na alilitaka haraka kwa kuwa gari lilikuwa likimngoja. Ukafungua gunia kama ulivyofungua la kila mtu, ukazimwaga korosho juu ya jamvi mbele ya watu wote. Desturi yako ilikuwa kwamba aliye kwenye foleni anaruhusiwa kusogea, kuokota na kubisha. Bi Mwanahawa, aliyekuwa kwenye foleni na magunia yake, akasogea. Akaokota moja, akaitikisa sikioni, akaokota ya pili.

"Mkaguzi, hizi hazifai kuwekwa kwenye mizani. Zimejaa maji. Haichezi hata moja ndani ya ganda."

"Wewe mwanamke, nani kakuita?" yule mkubwa akafoka.

"Foleni imeniita. Miye mwaka jana nilirudishwa kuanika, na jua lile lile lilikuwa linawaka kwenu."

Watu wakaangua kicheko. Mkubwa akakugeukia wewe, akakukumbusha nani aliyekupendekeza kwenye kazi ile. Nawe ukamwambia, bila kupandisha sauti: "Anayebisha ajibiwe kwanza." Ukapasua korosho mbele yao, moja baada ya nyingine, mpaka kila mtu akaona unyevu. Magunia yakarudi kuanikwa.

Sasa wewe unasema kwamba muhuri wako wa ukaguzi uliheshimiwa kwa kuwa ulitoka serikalini. Nabisha. Muhuri kama huo ulikuwapo maghala mengi, na yapo ambayo wanunuzi walipasua magunia yake upya kwa kutoyaamini. Wa kwako waliuamini kwa sababu ya lile jamvi, na kwa sababu Bi Mwanahawa aliweza kuukataa. Nguvu yako ilitoka kwa wale waliokuwa na haki ya kukupinga hadharani. Wewe mwenyewe ndiye uliyewapa haki hiyo. Haikuandikwa katika kanuni yoyote ya ushirika.

Ndipo soko huria likaja. Ghala likafungwa, mizani ikabebwa, ukarudishwa nyumbani na asante ya mdomo. Wakaja wanunuzi wa kangomba, wanaopima kwa kopo badala ya mizani, na kila mmoja anajipa daraja mwenyewe. Salfa nayo ikawa hivyo hivyo: mwenye gari ndiye anayesema ni nzuri, na mti ukishika ukungu, gari halionekani. Nakumbuka ukisema kibarazani kwamba dunia imegawanyika mara mbili, upande mmoja muhuri wa serikali na upande mwingine kopo la mfanyabiashara, na kwamba mwenye akili achague muhuri.

Nimesoma vitabu vingi tangu nikuage, vya wanaolisifu soko na vya wanaolilaani, na nimewaona wote wakigombana juu ya hizo pande mbili tu. Mimi nasema ipo njia ya tatu, tena nimo ndani yake. Ni ile ya kulitandika jamvi, kungoja muda wake, na kumpa kila mtu haki ya kubisha, hata asiye na cheo wala mtaji. Dunia nzima inashangaa leo kwamba watu wasiolipwa na wasiojuana wanaweza kujenga kitu cha kutegemewa kwa njia hiyo. Mimi sishangai, nilikwisha kuiona ikifanya kazi kwa korosho.

Umeniuliza katika barua yako, kwa mstari uliopigwa chini mara mbili, "Watu hawa hawana ofisi wala mkurugenzi, kikiharibika, nani atawajibika?" Swali zuri. Atawajibika aliyeandika jina lake. Ndiyo maana siliandiki. Kinachotakiwa kwangu si kuliondoa lalamiko tu. Natakiwa niseme kwa jina la baba yangu, kwa kuwa jina langu la pili ni lako, kwamba nimekiona kitu kiko sawa hali nimekiona hakiko sawa. Kama hilo ndilo unaloliita utiifu, basi nieleze ni nani alinifundisha utiifu huo, maana si wewe.

Umesema pia kwamba nafanya kazi ya bure. Bi Mwanahawa alilipwa na nani kutoka kwenye foleni? Alikuwa na magunia yake, na alijua kwamba korosho za maji zikipita, daraja la ghala zima litashuka, na lake ndani yake. Nami ni hivyo hivyo. Siku kompyuta zitakapofika kwetu, hazitakuwa mpya. Zitakuwa zile zilizochoka huko zilikotoka, zilizoondolewa stoo, zilizotolewa kama sadaka. Shule ya Ngarambe ikipewa kompyuta, itapewa ya aina yangu. Watu wa mjini wakikubaliana kwamba kilicho imara kwao kiitwe imara kwa wote, sisi wa mwisho wa barabara ndio tutakaokuwa tunasoma namba za uongo, tena tukiambiwa kosa ni letu.

Hali yangu kwa sasa, usije ukaisikia kwa watu ukadhani nimeificha: siendi ofisini. Asubuhi nafundisha hesabu wanafunzi wawili wa chuo, mchana mwalimu wangu wa zamani ananiruhusu kutumia ile mashine ya maabara. Kosa nimelirudia huko pia, kwenye mashine nyingine kabisa, mbele ya mashahidi, na nimeyaandika yote mahali pale pa wazi. Juzi nilianza kusoma maandishi ya ndani ya programu ili nilitafute lilipokaa. Ni kurasa nyingi, aliyeziandika alipenda mkato, na bado sijalipata. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea barua ya ofisi, na Harshad asipoiandika nitarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Nalijua hilo. Nimelipima, na jibu langu ni lile lile.

Sitaomba radhi. Nikionyeshwa kwamba nimekosea kipimo, nitaandika kwa mkono wangu kwamba nimekosea, na nitaandika pale pale nilipolalamika, mbele ya wale wale walionicheka. Nikijibiwa kwa marekebisho, nitakijaribu kifurushi upya siku hiyo hiyo na jina langu nitaliweka kwa furaha. Lakini kuliondoa lalamiko la kweli kwa kuwa linamchelewesha mtu aliyenisaidia, hapana. Bwana Jayanti namheshimu. Alipokuwa Mama mgonjwa alifungua duka siku ya sikukuu yake ili tupate dawa, na sitalisahau. Mwambie kwamba kwa ajili ya wema ule ule simruhusu mpwa wake aipe zahanati ya watu rafu tupu.

Nisalimie Mama, umwambie mswaki wa mti alionipa bado ninao na sala sijaacha. Nisalimie Bibi kule Ngorongo, umwambie chapati za huku hazizifikii zake hata kwa mbali. Mjomba wa pantoni pale Ndundu mpe pole. Nasikia nguzo za daraja zimekwisha kusimama mtoni, na kwamba kila anapovusha gari hulitazama daraja kama mtu anayemtazama mke mwenza. Baba Mdogo wa Ngarambe umwambie nimeitaja shule yao humu, asije akaniruka. Dada Zuhura usimgombeze kwa kuniandikia. Ukimgombeza, nitajua kwamba aliyoyasema ni kweli. Na Bi Mwanahawa, kama Mungu amemweka hai, mbusu mkono kwa niaba yangu.

Baba, neno lako ulilitoa hadharani, na mimi siwezi kulijibu chumbani. Kwa hiyo naomba, na naomba kwa magoti ingawa sauti yangu ni ya mtu aliyesimama: Ijumaa itakayofuata baada ya barua hii kukufikia, mkiwa mmetoka msikitini, ichukue, uende kwenye kibaraza kile kile, na uisome yote kwa sauti, na haya ya kukukera pia, Bwana Jayanti akiwepo na wale waliocheka wakiwepo. Kisha simama uwajibu swali moja, ndiyo au hapana, bila kulizungusha: je, mtu aliyeona kosa, akalithibitisha, na hakuna aliyemjibu, aliondoe lalamiko lake kwa kuwa mkubwa ana haraka?

Ukisema ndiyo, iseme mbele yao, na Zuhura ataniandikia ulivyoisema. Ukisema hapana, basi ile ahadi uliyoitoa kwa jina langu itengue papo hapo, mbele ya wale wale uliowaahidi. Jibu la bahasha silitaki. Nataka watu wote walisikie.

Mimi mwanao,
Idrisa